Uvimbe Uliolia Njaa Ukiwa Umeshiba

William Kaelin ana kisa kimoja asichochoka kukisimulia, na hakihusu Stockholm wala mfalme wa Sweden. Kinahusu alama mbaya. Alipokuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, alijiunga na maabara ya profesa mmoja kufanya utafiti, kama wafanyavyo vijana wengi wa Marekani wanaotaka kuingia udaktari. Mradi aliopewa haukuwa na kichwa wala miguu. Ulipofika wakati wa kupewa matokeo, profesa akamtia alama duni, na juu yake akamwandikia kwamba kijana huyu anaonekana ana akili, ila mustakabali wake uko nje ya maabara.

Mwalimu akishaandika hivyo, wengi wetu huamini. Kaelin naye aliamini, tena kwa miaka kadhaa. Akashika njia ya kutibu wagonjwa: udaktari akaumaliza hapohapo Duke mwaka 1982, mafunzo ya magonjwa ya ndani akayafanya Johns Hopkins, Baltimore, kisha akaenda taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston, kusomea ubingwa. Ubingwa ule ulikuwa na miaka ya utafiti ndani yake, kwa hiyo maabara aliyoifungia mlango wa mbele ikamrudia kwa mlango wa nyuma.

Oktoba 2019 mtu huyohuyo alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya tiba, pamoja na Mwingereza Peter Ratcliffe na Mmarekani mwenzake Gregg Semenza, kwa kugundua jinsi seli zinavyohisi kiasi cha oksijeni na kujirekebisha.

Hadithi za namna hii huuzika: aliyekataliwa leo, kesho kavikwa taji. Lakini ukiishia hapo utakuwa umekula ganda ukaacha tunda. Vijana walioambiwa hawafai na kweli wakawa hawafai ni wengi, ila hao hakuna anayewaalika kuhutubia. Yaliyo na faida kwa msomaji ni yale yaliyotokea katikati, pale Kaelin alipojifunza kazi.

Aliyemfundisha ni David Livingston wa Dana-Farber. Kwa Livingston jaribio lililotoa jibu zuri lilikuwa bado halijamaliza kazi. Lilipaswa kwanza kujibu maswali ya mtu asiyetaka kuliamini. Umelinganisha na nini? Ungeona nini kama wazo lako lingekuwa la uongo? Katika maabara hiyo Kaelin alifuatilia protini ya RB, ile ambayo ikiharibika mtoto hupata saratani ya jicho, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawa miongoni mwa waliozinasa protini zinazoshikana nayo. Kazi hiyo ilimpa jina. Ikampa pia tabia ya kuyashuku matokeo yake mwenyewe, na bila tabia hiyo yaliyofuata yasingewezekana.

Mwaka 1993 watafiti wa Marekani na Uingereza walitangaza kuipata jeni ya ugonjwa wa von Hippel-Lindau, au VHL kwa kifupi. Kaelin alikuwa ndiyo kwanza anaanzisha maabara yake na anatafuta shamba la kulima. Ugonjwa wenyewe ni adimu, humpata mtoto 1 kati ya watoto wapatao 36,000 wanaozaliwa. Jina lake linatokana na madaktari wawili: Eugen von Hippel, Mjerumani wa magonjwa ya macho, na Arvid Lindau, Mswidi aliyeonyesha mwaka 1926 kwamba uvimbe wa mishipa unaotokea kwenye jicho na ule unaotokea kwenye ubongo ni watoto wa mama mmoja. Wenye ugonjwa huu hupata pia saratani ya figo, na mara nyingi wakiwa bado vijana.

Mtu wa maabara tupu angeweza kuupita bila kugeuza shingo. Kwani nani atakupa fedha za kuchunguza maradhi ambayo madaktari wengi watastaafu bila kukutana nayo? Kaelin alikuwa amekaa na wagonjwa, na wodini daktari hufundishwa kukusanya dalili zisizofanana mpaka zikubali kukaa chini ya mti mmoja. Uvimbe wa VHL ulikuwa na mambo mawili ya ajabu. La kwanza, ulijaa mishipa ya damu kupita kiasi. La pili, baadhi ya wagonjwa walikutwa na damu nzito, yenye chembe nyekundu nyingi mno, kwa sababu uvimbe ulikuwa unamwaga eritropoetini, homoni ambayo kwa kawaida hutengenezwa na figo kuuamrisha uboho uongeze damu.

Sasa jiulize: mwili huongeza mishipa na chembe nyekundu wakati gani? Unapokosa hewa. Wakimbiaji wanaopanda Iten, Kenya, karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wanakwenda kutafuta hilohilo: oksijeni inapungua, eritropoetini inapanda, damu inaongezeka. (Wanaoitafuta homoni hiyo kwenye bomba la sindano nao tunazisikia habari zao wanapofungiwa mashindano.) Uvimbe wa VHL ulikuwa unaishi kana kwamba uko mlimani. Lakini haukuwa mlimani. Ulikuwa ndani ya figo, na figo mbili za binadamu hupokea takriban 1 ya 5 ya damu yote ambayo moyo unasukuma. Uvimbe umekaa kwenye karamu, sahani imejaa mbele yake, na unalia njaa.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba uvimbe wenye njaa ya kweli upo, na ulijulikana zamani. Mwaka 1953 L. H. Gray, mwanafizikia wa Uingereza, alionyesha pamoja na wenzake kwamba seli zisizo na oksijeni huhitaji hadi karibu mara 3 ya kipimo cha mionzi ndipo zife. Miaka 2 baadaye yeye na R. H. Thomlinson wakaweka vipande vya saratani ya mapafu chini ya hadubini, wakapima. Seli zilizo karibu na mshipa wa damu zilikuwa hai. Zilizokuwa mbali zaidi ya takriban sehemu 2 za 10 za milimita zilikuwa maiti. Oksijeni ilikuwa haifiki kule, inaliwa njiani. Na baina ya walio hai na waliokufa kuna ukanda wa seli zinazopumua kwa shida, zisizokufa wala kushiba, na hizo ndizo zinazoisumbua mionzi. Ndiyo sababu mojawapo daktari wa mionzi huulizia himoglobini ya mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi kabla ya kumwanzishia tiba.

Kwa hiyo swali la njia ambayo seli hutumia kutambua kwamba hewa imepungua lilikuwa limewekwa mezani miongo kadhaa. Semenza, akiwa Johns Hopkins, alilishika kwa upande wa jeni ya eritropoetini, na kufikia mwaka 1995 alikuwa amelitoa hadharani umbo la protini inayopiga kengele ya hatari, ikaitwa HIF. Ratcliffe, daktari wa figo wa Oxford, alilishika kwa upande huohuo, akagundua kwamba uwezo wa kuhisi oksijeni haumo kwenye figo peke yake, umo karibu katika kila seli ya mwili. Makala yake ya mwanzo kuhusu jambo hilo ilirudishwa mwaka 1992 na jarida moja kubwa, ambalo lilimweleza kwamba lisingeweza kuichapisha. Barua hiyo ameitunza, na baada ya Nobel ikazunguka dunia nzima.

Kaelin yeye aliingia kwa mlango wa uvimbe. Jaribio lake la mwaka 1995, alilolifanya na Othon Iliopoulos na wenzao, linastahili kutazamwa kwa karibu. Walichukua seli za saratani ya figo zilizopoteza jeni ya VHL, wakazirudishia jeni nzima. Kundi jingine wakalipa jeni iliyoharibika. Kisha wakaziacha zikue kwenye sahani za maabara.

Hakuna kilichotokea. Seli zilizorudishiwa jeni zilikua sawasawa na zile ambazo hazikurudishiwa.

Mtafiti mwenye pupa angezimwaga seli zile kwenye sinki na kutafuta shamba jingine. Wao wakazipandikiza kwenye panya. Zile zenye jeni iliyoharibika zikaota uvimbe kama kawaida. Zile zenye jeni nzima zikashindwa. Uzuri wa jambo hili hauonekani mara moja. Kama seli zile zingedorora tangu kwenye sahani, mtu angesema ziliugua tu kwa kuingiziwa kitu kigeni, na seli mgonjwa haioti uvimbe popote. Ile sahani ambayo hakuna kilichotokea ndani yake ndiyo iliyoziba mdomo wa mbishi. Mwaka uliofuata kundi lake likaonyesha kwamba seli zilizokosa VHL huwasha jeni za njaa ya hewa hata zikipewa hewa ya kutosha, na zikirudishiwa VHL, hunyamaza. Mwaka 1999 Ratcliffe na wenzake wakafunga fundo lililobaki: protini ya VHL hushikana na HIF na kuipeleka ikavunjwevunjwe. VHL ikikosekana, HIF haivunjwi. Kengele inalia mchana na usiku.

Likabaki swali moja, nalo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. VHL hujuaje kwamba oksijeni ipo?

HIF iliyotengenezwa na bakteria VHL haikuitambua hata kidogo. Ukiichanganya na majimaji yaliyokamuliwa kutoka seli za wanyama, VHL inaitambua na kuishika. Maana yake kuna kitu kwenye majimaji yale kilichokuwa kinaigonga HIF muhuri. Muhuri gani? Mazoea ya wanabiolojia ni kushuku fosfeti, kwa kuwa seli hupenda kuitumia kuwasha na kuzima protini. Lakini kulikuwa na vidokezo vilivyoelekeza kwingine. Ilijulikana kwamba ukiziondolea seli madini ya chuma, au ukizipa kobalti, hufanya kama zimekosa hewa. Chuma kina uhusiano gani na muhuri?

Watafiti wakaipima HIF iliyogongwa muhuri kwa mashine inayopima uzito wa molekuli. Ilikuwa imeongezeka 16.

Aliyesoma kemia ya sekondari anaijua namba hiyo. Ni uzito wa atomu 1 ya oksijeni. Seli haikuwa na kipimahewa cha mafumbo mahali fulani. Ilikuwa inaichukua oksijeni yenyewe na kuibandika kwenye HIF, juu ya asidi amino iitwayo prolini. Kimeng'enya kinachobandika kinahitaji chuma ili kifanye kazi, na ni cha ukoo mmoja na kile kinachokomaza kolajeni, ambacho kikikosa vitamini C mtu hutoka damu kwenye ufizi. Hewa ikiwepo, muhuri unagongwa, VHL inausoma, HIF inavunjwa. Hewa ikikosekana, hakuna wino. Kwa mgonjwa wa VHL wino upo na muhuri unagongwa kila siku, ila karani wa kuusoma hayupo ofisini.

Kundi la Kaelin na kundi la Ratcliffe walilifikia jibu hili kwa wakati mmoja, na makala zao zikatoka bega kwa bega katika jarida la Science, Aprili 2001. Walikuwa washindani kweli. Lakini maabara mbili zilizotengana kwa bahari zikitoa namba ileile, mbishi hana pa kusimama.

Miaka 16 baadaye, mwaka 2017, Kaelin aliandika makala katika jarida la Nature iliyowakera baadhi ya wenzake na kuwafurahisha wengi. Alilalamika kwamba makala za sayansi zimegeuka majumba ya kifahari yaliyojengwa kwa nyasi. Zamani mtafiti alidai jambo moja na kulithibitisha kwa njia nyingi. Siku hizi anadai mambo kumi, kila moja akilithibitisha kwa njia moja, kwa sababu wahariri na wahakiki wanataka makala ianzie kwenye molekuli na kuishia kitandani kwa mgonjwa. Bora nyumba ndogo ya matofali, alisema. Na akakiri kwamba baadhi ya kazi zake za mwanzo zingeonekana leo ni changa mno na zingechapishwa kwa taabu.

Mwaka huohuo aliandika pia kuhusu makosa ya wanaotafuta dawa za saratani, na hapo ndipo mtu anaposikia sauti ya Livingston. Ukitia kemikali kwenye seli za saratani zikafa, bado hujaonyesha kwamba kemikali imegonga pale ulipokusudia. Mtu anaweza kuinyamazisha redio kwa kuchomoa waya mmoja anaoujua, na anaweza kuinyamazisha kwa nyundo. Kimya ni kilekile. Kaelin hudai jaribio la kurudisha: mpe seli kile unachodhani umekiziba, katika umbo ambalo dawa haiwezi kulishika, ikipona, nitakuamini. Dawa nyingi zilizoingia kwenye majaribio ya wagonjwa kwa mbwembwe na kutoka kimyakimya zilikuwa nyundo.

Mimi nakubaliana naye, ingawa kuna neno la kuongeza. Mshindi wa Nobel anaweza kuandika makala yenye dai moja na ikapokelewa. Mhadhiri kijana anayesubiri mkataba wake wa pili hana anasa hiyo. Kaelin mwenyewe anajua hilo, ndiyo maana lawama zake alizielekeza zaidi kwa wahariri, wahakiki na watoa fedha.

Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao saratani iliuingilia bila kubisha hodi. Mkewe, Carolyn Kaelin, alikuwa daktari wa upasuaji wa saratani ya matiti hapohapo Boston. Mwaka 2003 yeye mwenyewe akakutwa na saratani ya titi, akatibiwa, akaandika kitabu cha kuwasaidia wanawake wengine. Baadaye ukaja uvimbe wa ubongo. Alifariki mwaka 2015. Mume na mke wote wawili walikuwa mabingwa wa ugonjwa uleule, na ubingwa wao haukuuzuia. Hili hulisikii katika hotuba nyingi za ushindi, na Kaelin hulitaja bila mapambo.

Kwa hiyo simu ilipolia nyumbani kwake saa 11 alfajiri tarehe 7 Oktoba 2019, yeye akiwa nusu macho nusu usingizini, Carolyn hakuwepo. Kaelin amesema kwamba alipoona namba inayopiga ina tarakimu nyingi kupita namba za Marekani, moyo ulianza kumwenda mbio. Mtafiti hasahau kusoma kipimo hata kitandani.

Ujuzi huu umefika hospitali kwa njia mbili. Wenye maradhi sugu ya figo hupungukiwa damu kwa kuwa figo zao hazitoi eritropoetini ya kutosha. Kwao imetengenezwa dawa inayozuia muhuri usigongwe, ili HIF idumu na damu iongezeke. China iliidhinisha dawa ya kwanza ya namna hiyo, roxadustat, mwishoni mwa 2018.

Kwa wenye VHL haja ni kinyume chake. Kaelin na wenzake walionyesha kwa panya, mwaka 2002 na 2003, kwamba kati ya ndugu wa HIF anayekuza uvimbe wa figo ni HIF-2, na akizimwa yeye peke yake uvimbe hauoti. Wataalamu wengi waliamini protini ya aina hiyo haina mahali ambapo dawa inaweza kushika. Watafiti wa Texas wakakuta ndani yake kishimo kidogo, wakatafuta molekuli ya kuingia humo, na Agosti 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha vidonge vya belzutifan kwa wagonjwa wa VHL. Tangu jeni ilipopatikana hadi kidonge kilipoidhinishwa ilikuwa miaka 28.

Jaribio lililofungua njia hiyo lilikuwa na wagonjwa 61. Kwa asilimia 49 kati yao saratani ya figo ilisinyaa kiasi cha kuhesabiwa kuwa imeitikia dawa. Na asilimia 90 walipungukiwa damu. Aliyefuatilia habari hii tangu mwanzo hatashangaa: dawa inayozima kilio cha uongo cha uvimbe huzima pia kile cha kweli, kinachouamrisha mwili utengeneze damu. Kwa hiyo kila anayeandikiwa vidonge hivyo hupimwa himoglobini kabla hajameza cha kwanza, na huendelea kupimwa kila baada ya muda kadiri anavyoendelea kuvimeza.